Kocha, tumrudishe dogo nyumbani au tumuache apambane Dar?

Wiki hii maswali yamekuja mengi ila karibu yote nimeyaweka pembeni, kwa sababu kuna barua moja kutoka Mwanga hapa Kigoma imenikaa kichwani siku nne, nimeisoma asubuhi nimeisoma usiku, na mbili fupi zilizokuja baadae zinagusa pale pale. Kwa hiyo leo tunaongea jambo moja tu.

SWALI

Kocha shikamoo. Mi ni mjumbe wa kamati ya usajili ya timu yetu hapa Kigoma, jina la timu naomba usilitaje. Kuna dogo wetu, winga, mtoto wa Katonga kabisa, tumemlea tangu ana miaka 13, msimu uliopita katufungia magoli tisa, mwezi wa saba ikaja timu moja ya Dar na hela nzuri tukamuuza. Sasa huko mambo yamegoma. Kacheza mechi sita, zote anaingia dakika za mwisho, hana goli hana asisti, kakonda, na mashabiki wao wanamtukana mtandaoni. Mama yake kaja mwenyewe ofisini, kakaa kwenye kiti, kasema mwanangu hali chakula, usiku akipiga simu analia, naomba mnirudishie. Dar wako tayari kumuachia dirisha dogo la usajili, katikati ya msimu, ila wanataka tubadilishane, wao watupe winga sisi tuwape kiungo wetu mkabaji wa miaka 19 ambaye msimu huu ndo kila kitu kwetu. Hela haitoki upande wowote. Kamati tumegawanyika, nusu wanasema damu yetu irudi na uwanja utajaa, nusu wanasema mtu aliyefeli Dar atatusaidia nini wakati tunashika nafasi ya nne. Kura ya mwisho iko kwangu. Tumchukue au tumuache?
Mjumbe, Mwanga

JIBU

Marahaba mwanangu, na pole kwa huo mzigo. Nakujibu kwanza halafu ndo nieleze: dogo mchukueni, ila hiyo dili ya kubadilishana msiisaini. Ni mambo mawili tofauti, nyie mmeyaona ni moja kwa sababu Dar wamewaletea yakiwa yamefungwa kamba moja.

Hebu angalia mnachotaka kufanya. Mna mtoto mmoja analia Dar kwa sababu kwao ni mbali. Dawa mliyoletewa ni kumchukua mtoto mwingine, miaka 19, naye wa hapa hapa, mumpandishe basi aende akalale kwenye kitanda kile kile alichotoka mwenzake. Huyo kiungo mmemuuliza? Barua yako ni ndefu na imeandikwa vizuri lakini hakuna hata mstari mmoja unaosema yeye kasemaje. Mama wa winga kashafika ofisini. Mama wa kiungo hajaja kwa sababu hajui, na akija kujua mwezi wa pili atakaa kwenye kiti kile kile.

Vijana wengi siku hizi wanaangalia kikapu cha Marekani, NBA, wanaona wachezaji wanavyobadilishwa timu na timu wanadhani ndo mpira wote uko hivyo. Kule timu ikiamua inampeleka mchezaji mji mwingine bila kumuomba ruhusa, mkataba wake unahama naye kama ulivyo, wenye kipengele cha kukataa ni wachache sana. Kwenye soka mchezaji asipokubali kusaini na timu mpya hakuna uhamisho, hata viongozi wa timu mbili wapeane mikono mbele ya kamera. Kwa hiyo hiyo dili yenu ina watu wanne, timu mbili na vijana wawili, na mpaka sasa waliokaa mezani ni wawili tu.

Sisemi kubadilishana ni vibaya siku zote. Mwaka 2006 Arsenal na Real Madrid walifanya hivyo hivyo. José Antonio Reyes, kijana wa Utrera karibu na Sevilla, alikuwa London tangu Januari 2004, kipaji kipo lakini raha hana, anataka kurudi Hispania na watu wanajua. Wakabadilishana na Mbrazili Júlio Baptista, ila angalia walivyofanya, ilikuwa mkopo wa msimu mmoja, kila mtu ana mlango wa kurudia. Baptista alipiga goli nne Anfield, nyumbani kwa Liverpool, Januari 2007 kwenye kombe la ligi, Arsenal wakashinda 6-3, mpaka leo watu wanaikumbuka, lakini kwenye ligi hakuwaka na msimu ulipoisha akarudi alikotoka. Reyes mechi ya mwisho ya ligi, Juni 2007 dhidi ya Mallorca, akatokea benchi kuchukua nafasi ya Beckham, akapiga mbili, Madrid wakashinda 3-1 wakabeba ubingwa. Hapo unaweza kusema si unaona kocha, kurudi nchini kwao kulimsaidia. Kulimsaidia ndio, lakini Madrid sio Sevilla. Alizunguka tena Atlético, akaenda na Benfica kwa mkopo, Januari 2012 ndo akafika Sevilla kwao, na akiwa pale wakabeba Europa League mara tatu mfululizo, 2014, 2015 na 2016. Kwa hiyo ukisema unamrudisha mtu nyumbani uwe unajua nyumbani kwake ni wapi hasa na kuna nini.

Sasa nikueleze la kwangu, maana hili jambo silijui kwa kusoma.

Mwaka 1993 mi niliondoka hapa mwisho wa reli na treni, daraja la tatu, nikiwa na miaka 19, zaidi ya kilomita 1,200 mpaka Dar. Timu ilinipa chumba Temeke na wenzangu watatu, wote wa pwani, wema tu, hakuna aliyenitesa. Mazoezini nilikuwa naanza vizuri, ikifika jioni naisha. Unajua kilichokuwa kinanimaliza? Kula peke yangu. Kwetu Ujiji tulikuwa tunakula sita kwenye sinia moja, ugali wa muhogo na migebuka, mkono wako unagongana na mkono wa mdogo wako, mama yuko pembeni anagombana na anayekula haraka. Dar kila mtu ananunua chake kwa muda wake anakula kasimama. Mi nilikuwa nanunua chakula, nakiangalia, naacha. Nikapungua. Kocha akaona nimekuwa mvivu, na mi sikuwa na maneno ya kumwambia, utamwambiaje kocha wako kwamba huwezi kukaba kwa sababu hakuna mtu wa kula naye.

Mama akanitumia mzigo na mtu aliyekuwa anashuka Dar. Kiroba kimeshonwa juu kwa uzi mweusi, ndani dagaa wa Kibirizi waliokaushwa mchangani, ukifika chini unakuta mchanga wenyewe umebaki, mweupe. Na mawese kwenye kidumu cha lita tatu kimefungwa kwenye kanga yake ya zamani, kidumu kilivuja njiani, kanga yote ikawa na doa jekundu. Dagaa niliwala wakaisha. Ile kanga sikuifua. Nilikuwa nalala nimeiweka usoni, inanuka moshi wa jikoni kwetu na mawese, na nilikuwa mtu mzima mwenye ndevu.

Baada ya miezi minane wakanirudisha. Timu yangu ya hapa ilinipokea stesheni na ngoma, nikabebwa juu juu kutoka Kigoma mjini, nililia kwa furaha siwezi kukudanganya. Wiki ya tatu nikawa benchi. Namba yangu ilikuwa na mtu, alikuwa kijana mzuri tu, anafanya kazi, na mwalimu alikuwa hajaombwa ushauri wakati naletwa, viongozi ndo walikuwa wamenitaka. Nikawa nakaa benchi Kigoma badala ya kukaa benchi Dar, tofauti ni kwamba Dar hakuna aliyekuwa ananijua, hapa nikienda sokoni naulizwa kwani walikufukuza? Nilimaliza msimu ule, uliofuata sikucheza tena kwa kiwango chochote cha maana. Nimekuja kuelewa baadae sana. Wale viongozi hawakuwa wananihitaji. Walikuwa wamenikumbuka.

Na hilo ndo swali ningependa ulipeleke kwenye kikao chenu kabla ya kura. Mnamhitaji huyu winga au mmemkumbuka? Kumkumbuka sio kosa, mmemlea tangu ana miaka 13, mtaacha kumkumbuka vipi, lakini kumkumbuka mtu kunatosha kumpigia simu, hakutoshi kumsajili. Mwalimu wenu aitwe, aulizwe bila mtu kumkonyeza: dogo akija anacheza wapi, nani anatoka, tunabadilisha nini. Kama mwalimu anasema namba ipo, mleteni. Kama anasema tutaona, basi hapo bado, maana "tutaona" ndo mi niliyopewa.

Hiyo hoja ya uwanja kujaa naomba muitoe kabisa mezani. Utajaa mechi mbili.

Na nusu nyingine ya kamati inayosema aliyefeli Dar atatusaidia nini, nao wasikilize hili. Mechi sita za dakika za mwisho hujamuona mchezaji, umeona mtu anaingia anatoka. Nadhani mnakumbuka 2021 Simba iliuza wawili kwa mpigo, Clatous Chama akaenda RS Berkane Morocco, Luis Miquissone akaenda Al Ahly Misri. Chama mambo hayakukaa sawa akarudi Januari 2022, nusu msimu tu, na akaendelea pale pale alipoishia. Luis alirudi 2023 baada ya kama miaka miwili ambayo hakucheza sana, na hakuwa Luis yule tuliyemjua, kila mtu aliona. Wote walirudi kwenye jezi ile ile na mashabiki wale wale. Kwa macho yangu tofauti ni muda, mguu usiocheza mechi unasahau, na ukisahau sana hata nyumbani hakuukumbushi. Dogo wenu ana miezi michache tu. Ndo maana nasema mchukueni sasa, dirisha dogo hili, msisubiri mwakani mkaletewa kivuli.

Ila kabla ya yote mtu mmoja wa kamati apande basi aende Dar akakae naye siku mbili, na asiende kiongozi mwenye kiti kikubwa, aende yule ambaye dogo alikuwa anamzoea. Asimuulize "una shida gani", mtoto wa kiume ataulizwa hivyo atasema hana shida. Amuulize unakula na nani. Amuulize analala saa ngapi. Aangalie na goti, maana nimeona vijana wengi wanasema nimekumbuka nyumbani kumbe kuna jeraha wanalificha wasikatwe, na ukimleta na goti bovu umemleta kwa mama yake kuugua, hujamleta kucheza. Amuulize na mshahara. Kama tatizo ni mshahara hajalipwa basi huyo hajakumbuka kwao tu, huyo anadai, na hilo lina njia yake: kanuni za FIFA zinasema mishahara ya miezi miwili ikipita haijalipwa mchezaji anaandika barua ya kudai, anaipa timu siku 15, wasipolipa ana haki ya kuvunja mkataba. Hapo hamhitaji kumpa mtu kiungo wenu ili mumpate.

Ikionekana kweli ni upweke na mwalimu kasema namba ipo, waombeni Dar mkopo mpaka mwisho wa msimu. Wao wamelipa hela hawataki kumpoteza, nyie mnataka acheze, mkopo unawafaa wote. Mshahara mgawane, na iandikwe nani analipa kiasi gani na tarehe ngapi, msiachie maneno ya simu. Iandikwe pia kwamba hawamuiti katikati ya msimu, dogo asije akaanza kushika moto mwezi wa tatu akavutwa tena. Halafu kuna kitu kamati nyingi zinasahau: kwa kanuni za FIFA mchezaji anaweza kusajiliwa timu tatu msimu mmoja ila mechi za mashindano anacheza timu mbili tu. Yeye Dar keshacheza, nyie mtakuwa wa pili. Yani akija kwenu na akakaa benchi msimu huu hana pengine pa kucheza, mtakuwa mmemfungia mlango kwa mikono yenu wenyewe. Ndo maana nimekwambia suala la namba liishe kwanza.

Na kiungo? Waambieni Dar kiungo ana bei, na bei yake inajadiliwa dirisha kubwa, na yeye mwenyewe na wazazi wake wakiwa chumbani. Akitaka kwenda aende kwa heshima yake, sio kama chenji ya mwenzake.

Siku mkimpata, msimpokee na ngoma. Najua nitawaudhi watu hapa, najua wazee wa Katonga watataka kumpokea na mi ningekuwepo ningetaka pia, lakini ngoma zinampa mtoto deni kabla hajagusa mpira. Mpokeeni kwa chakula. Na mechi zake mbili za kwanza zikiwezekana zianzie ugenini. Mi nilikuwepo uwanja wa Lake Tanganyika hapa Kigoma Julai 25, 2021, fainali ya Kombe la FA, Simba na Yanga, Taddeo Lwanga wa Simba alipopiga kile kichwa cha goli uwanja ulivyolipuka nilihisi zege la jukwaa linatetemeka chini ya miguu. Lakini siku ile timu zote zilikuwa wageni, aliyekosa alikosa akapanda ndege. Dogo wenu akikosa pale, jukwaani kuna shangazi yake, kuna mwalimu wake wa darasa la tano, kuna muuza chapati anayemdai. Mpeni dakika tisini za mbali kwanza, awe na goli au hata krosi nzuri ya kuja nayo nyumbani.

Mama yake naye aelezwe vizuri. Aelezwe kwamba mtoto anakuja kwa miezi, na anakuja ili apate nguvu ya kutoka tena. Jesús Navas wa Sevilla alikuwa hawezi hata kukaa kambini mbali na kwao, alikuwa anazidiwa na hofu mpaka anaondoka, na klabu yake haikumcheka wala haikumlazimisha, wakaenda naye taratibu akiwa pale pale nyumbani, kidogo kidogo. Novemba 2009 akaanza timu ya taifa, 2010 alikuwa Afrika Kusini na akabeba Kombe la Dunia, 2013 akahamia Manchester City mwenyewe kwa miguu yake, akakaa miaka minne ndo akarudi. Nyumbani palimfanyia kazi kwa sababu palimpa muda.

Wakikataa mkopo kabisa, wakasema ni kiungo au basi, hapo mjumbe piga kura ya hapana na usilale na dhamira mbaya. Mtoto hamumtupi. Dar imejaa watu wa Kigoma, tafuteni familia moja ya heshima inayopika saa moja usiku na kula pamoja, ongeeni nao, dogo awe anaenda kula kule mara tatu kwa wiki, timu ichangie gunia la unga. Mi ningepata hicho kitu 1993 pengine hadithi yangu ingekuwa nyingine.

SWALI

Kocha habari za kazi. Nafundisha watoto mpira Gungu bila malipo. Nasikia mtoto akiuzwa, aliyemlea anapata asilimia 5. Mmoja wangu timu ya hapa inataka kumbadilisha na mchezaji wa Mwanza, je na mi napata?
Mwalimu wa watoto, Gungu

JIBU

Salama mwalimu, na asante kwa kazi unayofanya pale, nimewaona wanao wanacheza. Hiyo asilimia 5 ipo, ni mchango wa mshikamano wa FIFA, na inagawanywa kwa timu zilizomlea mchezaji kuanzia miaka 12 mpaka 23. Mwaka mmoja wa kulea kati ya 12 na 15 una nusu ya uzito wa mwaka mmoja kati ya 16 na 23. Lakini soma vizuri: ni pale mchezaji anapouzwa kwa ada na uhamisho wenyewe unagusa nchi nyingine. Mtoto aliyelelewa hapa akihama timu ya Kigoma kwenda ya Mwanza, haikuhusu. Na wewe mpaka uwe timu iliyosajiliwa, sio mwalimu na filimbi yake, ndo maana kila siku nawaambia nendeni chama cha mpira cha wilaya mkajisajili hata kama jezi hamna.

Unachoweza kufanya leo ni kwenda kwa hiyo timu kabla hawajasaini na kuomba iandikwe kwamba akiuzwa siku za mbele kituo chako kinapata asilimia fulani. Na weka kumbukumbu, daftari tu la kawaida, jina la mtoto, tarehe aliyoanza, tarehe aliyoondoka, mzazi asaini. Baada ya miaka kumi hilo daftari litakuwa na thamani kuliko mipira yote uliyonunua. Halafu na wewe muulize mtoto kama anataka kwenda Mwanza.

SWALI

Shikamoo kocha. Mi ndo mchezaji mwenyewe, sio huyo wa kwenye barua nyingine, ila nimesikia unakusanya maswali ya watu wanaokumbuka kwao. Natokea Urambo, Tabora, nacheza Mbeya msimu wa kwanza. Baridi inanimaliza, silali, mechi mbili zilizopita nimetolewa mapumziko. Mama kanitumia asali na matobolwa, nimeweka chini ya kitanda nakula usiku wenzangu wakilala maana naona aibu. Sitaki kurudi, nataka nicheze. Ila sijui nimwambie nani.
Wa Urambo

JIBU

Marahaba mwanangu. Umeniandikia mstari mmoja ambao umenipa nguvu, umesema sitaki kurudi nataka nicheze. Basi tuongee kama watu wa kazi.

Mwambie kapteni wako. Usianze na kocha, anza na kapteni, mwambie kaka silali, nimekumbuka nyumbani, nisaidie. Maneno hayo hayo, usiyapambe. Ukiwauliza wakubwa kwenye timu yoyote utakuta nusu yao walilia msimu wa kwanza na hawajawahi kumwambia mtu, na kapteni akijua atajua namna ya kumfikishia mwalimu bila wewe kuonekana unatafuta huruma. Kuna na daktari wa timu, kutolala ni jambo la daktari kabisa, nenda.

Mama mpigie mchana baada ya mazoezi ukiwa umechangamka, mwambie umefanya nini, muulize mvua, muulize nyuki. Ukimpigia saa sita usiku unampa na yeye usiku mbaya, halafu wewe unalala na sauti yake ya wasiwasi sikioni. Nunua blanketi zito, Mbeya sio Urambo, usijilinganishe na wenyeji wanaotembea na tisheti.

Na hayo matobolwa yatoe chini ya kitanda leo jioni. Weka mezani na ile asali, waite wenzako wa chumbani waonje, watakuuliza hiki nini na kinatengenezwaje, na wewe uwaeleze viazi vinavyochemshwa vikaanikwa juani, nani anavianika, na kwenye ua upi.